Samaki wa Profesa

Miaka kumi na tisa Mama Madimbwi alihudumia majitaka ya chuo kikuu, na katika miaka yote hiyo hakuwahi kuwaonea wivu wasomi. Awaonee wivu kwa lipi? Kila walichokula na kila walichoficha kilimpitia yeye. Uchafu wao ulikuwa sawa na wa mtu yeyote, ila wao waliongezea na soksi, kalamu na, siku moja, tai nzima ya hariri.

Kazi yenyewe ilitaka akili. Majitaka yalipita madimbwi manne, na humo vijidudu visivyoonekana kwa macho vilikula uchafu, hadi maji ya dimbwi la nne yakafaa kuachiwa yaingie kijitoni. Mwendo wa dakika kumi chini ya hapo, dada yake mkubwa alichota maji ya kijito hicho, akamwagilia mboga na kuogesha wajukuu. Kwa hiyo Mama Madimbwi hakuwa na mchezo na vijidudu vyake.

Mwenye mchezo alikuwa Profesa, msimamizi wa madimbwi hayo. Bingwa wa maji, eti! Kutwa kwenye makongamano akihubiri usafi wa mito, huku maabara yake ikimwaga madawa kwenye sinki. Yakimwagwa tu, dimbwi la kwanza linageuka zambarau, vijidudu vinakufa, uvundo unapanda. Mama alipokwenda kumwambia, alijibiwa, "Mama, wewe fagia majani. Sayansi tuachie sisi."

Haya. Mama akatafuta daftari. Kila walipomwaga, aliandika siku, rangi, na dawa ilikotoka, kisha akampelekea Profesa atie sahihi, kama kanuni za kazi zilivyotaka. Profesa alitia huku simu iko sikioni. Asome mwandiko wa mfagia majani, yeye? Thubutu! Alitia mara arobaini na moja.

Ndipo wakaja wakaguzi wa mazingira. Profesa, kwa kupenda sifa, akaagiza samaki hai ndoo mbili, wamwagwe dimbwi la nne wageni wajionee maji yalivyo safi.

"Profesa, wiki nzima mmemwaga madawa," Mama akamwambia. "Watakufa hawa."

"Usinitie nuksi, Mama."

Samaki wakamwagwa, wageni wakapiga makofi. Robo saa haikuisha, mmoja akaelea tumbo juu, akafuata wa pili, kisha wote.

"Joto hilo," Profesa akasema, jasho likimchuruzika.

"Nani mwenye dhamana hapa?" akauliza mkaguzi mkuu.

Bila haya wala soni, Profesa akamnyooshea kidole Mama Madimbwi. "Huyu. Nimemwonya mpaka nimechoka. Leo hii namfukuza kazi."

Miaka kumi na tisa, hivi hivi tu! Na akiondoka yeye, nani atamjali dada yake kule chini? Mama akaenda kibandani kwake, akarudi na daftari, akamkabidhi mkaguzi.

Mkaguzi akasoma kwa sauti. "Jumanne. Zambarau. Maabara ya Profesa. Vijidudu vimekufa. Nimemwomba waache." Akafunua ukurasa mwingine. "Alhamisi. Maabara ya Profesa." Akainua macho. "Sahihi hizi zote ni za nani?"

Profesa akalipokea daftari kwa mikono miwili. Alikuwa ameandika vitabu saba, lakini hiki alikisoma mstari kwa mstari, midomo ikimcheza, huku Mama Madimbwi akiopoa samaki kwa wavu na kuwarudisha ndooni.