Jumamosi za Gari la Baba

Petroli ikikutana na baridi ina harufu yake. Haiishii puani, inapanda mpaka machoni, na kama hujanywa chai inakuchafua tumbo. Kipupwe kile chote, kila Jumamosi kabla jua halijachomoza vizuri juu ya milima ya Mbizi, harufu hiyo ndiyo iliyoniamsha nyumbani kwetu Sumbawanga. Ilipita chini ya mlango, ikaingia mpaka ndani ya blanketi. Nikiisikia nilijua Baba ameshafungua boneti, na hapo usingizi ulikuwa umekwisha. Gari likikubali, Mama angekuja nyumbani. Likikataa, asingekuja. Dunia yangu ya utotoni ilikuwa imefupishwa kiasi hicho, na sikuona lolote la kuongeza.

Mama alikuwa muuguzi. Mwaka ule alihamishiwa zahanati ya Mwazye, kule Kalambo, nasi tukabaki mjini kwa sababu ya shule yangu na kazi ya Baba katika ofisi ya maji. Wazazi wangu ni watu wa Mbeya. Ufipa waliletwa na ajira, na ndugu wa karibu wa kuwakimbilia hawakuwapo, ndipo Shangazi Atu, dada yake Baba, akaja kutulea mimi na mdogo wangu Ezekia. Zamu ya Mama ilimalizika Jumamosi mchana, na saa hizo magari ya kuja mjini yalikuwa yameshapita. Makubaliano yalikuwa Baba awe anamfuata na gari, kisha Jumapili jioni anamrudisha. Wiki za mwanzo mambo yalikwenda sawa. Halafu baridi ikaingia, ile baridi ya Ufipa inayoleta upepo usiojua adabu, unaokufuata hadi jikoni, na gari likaanza visa.

Lilikuwa gari dogo la milango miwili, rangi ya chai ya maziwa, lenye umri mkubwa kuliko wangu. Baba alilinunua Dar es Salaam kwa mzee mmoja aliyelitunza vizuri, akaja nalo mwenyewe mpaka Sumbawanga, na habari za safari ile alizisimulia hata kwa watu ambao hawakumwuliza. Majirani walimtania. Mtu mwenye akili, walisema, ananunua pikapu ibebe mahindi. Hili lako litabeba nini, miwani? Baba alicheka nao, akachukua kitambaa akafuta taa. Akili ni nywele, kila mtu ana zake. Alilipenda gari lile waziwazi, bila aibu, na mimi nililipenda kwa sababu yeye alilipenda. Mama hakulisema vibaya wala vizuri. Alikaa ndani yake kama mtu anavyokaa kwenye kiti cha mwenzake.

Ugonjwa wenyewe ulikuwa hivi. Asubuhi liliwaka, likanguruma vizuri, tukafurahi. Tukitoka mjini kuelekea Msanzi lilianza kukohoa, likatoa moshi mweusi, nguvu zikapungua, na kwenye kilima cha kwanza cha maana likawa linatetemeka na kusitasita. Baba alisimama pembeni, akafungua plagi, akazikuta zimejaa masizi meusi kama sufuria ya kuni. Alizisugua kwa brashi ya waya, akazirudisha, tukaenda kidogo, likarudia yaleyale. Mwishowe tuligeuza. Tulirudi nyumbani bila Mama. Ezekia alisinzia mapajani kwangu, Baba akawa anapiga usukani kwa vidole, taratibu, njia nzima, bila kujua kwamba anafanya hivyo.

Ndipo nyumba yetu ikakosa utulivu. Baba hakuweza tena kukaa. Alikula amesimama. Katikati ya mazungumzo alinyanyuka, akatoka nje, tukasikia boneti inafunguliwa. Alibadilisha plagi zote. Alibadilisha platini, kile kidude kinachokata na kuunga umeme wa plagi, kisha koili, kisha nyaya. Alifungua kabureta, ile inayoipimia injini mafuta na hewa, juu ya gazeti sebuleni, vipande vidogo vya shaba vimepangwa kama dagaa, na ole wake aliyepiga chafya. Mimi ndiye niliyekuwa mguu wake. Niliketi kwenye usukani, mito miwili mgongoni, nikakanyaga mafuta akisema kanyaga, nikaachia akisema acha, naye ameinamisha sikio juu ya injini akisikiliza. Nami nilijifunza kusikiliza. Mpaka leo, nikiwa chumbani, gari likipita barabarani na plagi moja haichomi, naacha ninalofanya. Kila kipuri kipya kilitupa matumaini ya siku moja. Likapona hapo uani, likaugua njiani. Shangazi Atu aliposema labda tuite fundi, Baba alimjibu kwamba fundi gani anayelijua gari hili kumzidi yeye. Shangazi akarudi kupepeta ulezi wake. Ngoja ngoja huumiza matumbo, alisema, lakini alimwambia Ezekia.

Simu za Mwazye wakati huo zilikuwa za kubahatisha. Mpaka Mama apande kichuguu fulani nyuma ya zahanati. Kwa hiyo habari zilipita kwa madereva wa malori ya mahindi. Baba alituma ujumbe kwamba gari linaendelea kupata nafuu. Dereva alirudi na jibu: Mama anasema poleni na mgonjwa. Baba alicheka sana. Mimi sikucheka, maana wiki ile Ezekia, aliyekuwa ndiyo kwanza anaanza kusema, alikuwa ameanza kumwita Shangazi "mama". Shangazi alimsahihisha mara ya kwanza, na ya pili. Baadaye alichoka. Niliogopa kwa namna ambayo sikuweza kumweleza mtu, nikawa nakanyaga mafuta kwa nguvu kuliko nilivyoagizwa.

Siku ugonjwa ulipojulikana tulikuwa tumeshindwa tena, tumerudi kutoka njia ya Msanzi. Gari lilikuwa bado linanguruma uani, na Baba, aliyekuwa amechoka kungoja kila kitu duniani, aliamua kuongeza maji kwenye rejeta papo hapo. Kila mtoto wa mwenye gari anajua kwamba rejeta ya gari lililotoka safari haifunguliwi. Maji yake yanaruka na kumbabua mtu uso. Shangazi alimwona akishika mfuniko, akaacha beseni la nguo akaja mbio akisema ataungua. Baba akafungua. Hakuna kilichoruka. Alitazama, akaingiza kidole, akakiacha humo.

"Atu," alisema, "njoo uguse."

Shangazi aligusa kwa woga, kisha akatumbukiza kidole kizima. Akasema maji haya yanafaa kumwogeshea mtoto. Baba aliketi chini, palepale kwenye vumbi, mgongo ameegemeza tairi, akaanza kujicheka. Kikulacho ki nguoni mwako. Siku aliponunua gari Dar es Salaam, mtu mmoja alimshauri aondoe themostati, ile vali ndogo inayozuia maji yasiende kwenye rejeta mpaka injini ipate moto. Ni desturi ya mafundi wengi wa nchi za joto: hiki kidude ni cha Ulaya, huku kitakuchemshia gari. Baba aliitoa kwa mkono wake mwenyewe, akaitupa, akasahau. Huko Pwani hakuna aliyeona tofauti. Lakini Ufipa, katika kipupwe chake cha kwanza, injini ile ilikuwa inatembea siku nzima ikiwa na baridi ya alfajiri, na kabureta nayo, ikidhani ni alfajiri kweli, ikaendelea kuimwagia mafuta hadi plagi zikazama kwenye masizi. Alikuwa amebadilisha kila kilichokuwamo. Ugonjwa ulikuwa kwenye kitu ambacho hakikuwamo.

Alikata boksi la sabuni, akaziba nusu ya rejeta ili upepo usiipulize, tukazunguka mji mzima bila kikohozi. Themostati yenyewe iliagizwa Mbeya, ikaja na basi, na siku mbili tatu za kuingoja zilikuwa mbaya kuliko wiki zote zilizotangulia. Baba alikwenda stendi hata saa ambazo mabasi hayafiki. Alipoipata aliiweka kwanza kwenye sufuria ya maji jikoni, akatuonyesha inavyofunguka maji yakianza kuchemka, Shangazi akalalamikia sufuria yake. Kisha akakata gasketi ya kuzibia maungio kwenye karatasi ngumu, akaipaka grisi, akaifunga themostati kwenye injini. Jumamosi ile tulipanda kilima cha Msanzi kana kwamba hakikuwapo. Baba aliimba. Mimi nilimshika Ezekia dirishani nikimwambia tunakwenda kwa mama, tunakwenda kwa mama.

Mama alikuwa amesimama mlangoni kwake Mwazye, bado amevaa sare nyeupe. Nilimwamkia shikamoo huku nikiwa tayari nimemkumbatia kiunoni. Alinyoosha mikono kumchukua Ezekia, na Ezekia akajificha nyuma ya mguu wa Baba. Mama aliiacha mikono yake hewani kidogo, kisha akaishusha. Baba hakuona, alikuwa ameshafungua boneti. Alimweleza habari yote, rejeta, kidole, themostati, sufuria ya Shangazi, uso wake unang'aa, na Mama akamsikiliza mpaka mwisho bila kumkatiza.

"Na malori ya mahindi," akauliza, "nayo yalikuwa mabovu?"

Malori yalikuja Mwazye kila asubuhi, matupu. Ndiyo hayohayo yaliyombebea Baba ujumbe wake wa nafuu. Angeweza kupanda moja, akatubeba na sisi, tukalala huko, tukarudi kesho yake. Wazo hilo halikuwahi kupita kichwani mwake, wala mwangu, na tulikuwa watu wawili tuliokesha na kuamka tukimuwaza yeye. Baba alifunga boneti taratibu. Mama akaingia ndani kupika uji, na ili ampate Ezekia mikononi ilibidi atumie hila, kipande cha muwa. Njia nzima ya kurudi injini ilikwenda vizuri ajabu, laini, na hakuna aliyeisifia. Mwaka uliofuata Mama alipata uhamisho wa kurudi mjini. Swali lile sikusikia likirudiwa, na kwa miaka mingi sikujua kama Baba alilisikia kweli au lilimpita.

Siku hizi ninaishi Mbeya. Njia ya Ufipa ni lami, safari iliyomchosha mtu siku nzima sasa inaisha kabla hajamaliza karanga zake. Gari langu halihitaji mtu wa kuinamisha sikio; fundi anachomeka kikompyuta chini ya usukani, kinasema kilichoharibika, naye ananitazama kama karani wa benki. Mwezi huu kilisema kipuri fulani kimekufa. Kipuri kikaagizwa Dar es Salaam, kikachelewa, nami nikawa mtu wa kutembea huku na huku sebuleni, nikimpigia fundi mpaka akaacha kupokea. Sumbawanga nilikuwa nimeahidi kwenda, nikaahirisha, nikaahirisha tena. Baba miguu haina nguvu tena, na Mama ndiye anayemwongoza hadi kibarazani kuota jua. Juzi nilipiga simu kueleza tena. Baba alichangamka. Aliuliza linatoa moshi wa rangi gani, linakohoa likiwa na baridi au likishapata moto, nikamjibu, akauliza tena, na kwa dakika kadhaa tulikuwa na furaha kubwa mimi naye. Halafu nilimsikia Mama kwa mbali akiuliza kama nakuja, na Baba hakumjibu yeye, alinijibu mimi.

"Tusa, hilo gari mwachie fundi. Panda basi uje."