Nilivyofundisha programming Mzenga bila kompyuta, mkaguzi akawa mashine

Wakuu, salamu kwenu nyote, na wakubwa wangu shikamooni.

Nimeona vijana humu mnabishana kama mtoto wa shule ya msingi anaweza programming. Mimi ni mwalimu mstaafu, naishi Sofu, Kibaha. Hili lilinikuta mwenyewe, chumvi sitii.

Mwanzoni mwa miaka ya themanini nilifundisha hesabu darasa la sita huko Mzenga, Kisarawe. Kompyuta hatuna, umeme hatuna.

Ila kaka yangu alifanya kazi Dar, ofisi yenye kompyuta ile ya kulishwa kadi zenye matundu. Alipokuja likizo akanieleza kwamba mashine haina akili, inafuata maagizo tu, moja baada ya jingine. Akaniachia bunda la kadi zilizoharibika.

Nikatunga mchezo. Tunachora miraba uwanjani kwa jivu. Mtoto mmoja anakuwa "mashine", wenzake wanaandika maagizo nyuma ya kadi: nenda hatua moja, geuka kulia, rudia mara tatu, kama kuna jiwe mbele geuka kushoto. Mashine ikifika kwenye kibuyu nilichokiweka mraba wa mwisho, mmeshinda. Mashine hairuhusiwi kufikiri.

Hizo "rudia" na "kama" siku hizi mnaziita loop na if. Sisi tuliita kadi.

Aliyeuweza kuliko wote ni Mwanahawa, wa mwisho darasani. Baba yake, mzee Kibwana, alishaniambia, "Mwalimu, huyu mzito. Namtoa akasaidie shamba." Nilimwomba avumilie hadi muhula uishe.

Basi maneno yakafika juu: mwalimu anachezesha watoto, shamba la shule limeota nyasi. Nakiri, palizi ya mihogo tulichelewa kweli.

Akaja mkaguzi wa shule. Kamati ya wazazi ikaitwa, mzee Kibwana akiwemo.

"Huu ni upuuzi gani?" mkaguzi akaniuliza.

"Ndugu Mkaguzi, ukiwa wewe mashine utaelewa." Sijui ujasiri niliutoa wapi.

Akakubali, nadhani ili anikamate vizuri. Mwanahawa akapanga kadi, mimi nikazisoma. Mkaguzi akaenda, akageuka, akaenda tena, akajikuta uso kwa uso na ukuta wa choo.

Watu wakaziba midomo wasicheke. Mimi nikajua kazi sina.

Mwanahawa akamsogelea, akapiga goti. "Shikamoo. Hujakosea wewe. Kadi ya nne nimeandika kushoto badala ya kulia." Akaifuta, akaandika upya. "Tuanze tena?"

Mkaguzi akarudi mwanzo. Safari hii akafika, akakiokota kibuyu.

Mzee Kibwana akanivuta pembeni. "Kosa kaliona mwenyewe? Hukumnong'oneza?"

"Sikumnong'oneza."

Shule hakumtoa tena. Mwanahawa alimaliza la saba.

Mimi nilipata barua ya onyo, kisha uhamisho wa Kibaha. Mchezo ukafa. Sikulalamika, nyasi zilikuwepo.

Funzo nililopata halihusu kompyuta. Kwenye mchezo, kosa la Mwanahawa lilikuwa kadi ya kuandika upya. Darasani lilikuwa viboko, ndiyo maana alinyamaza akaonekana mzito.

Na fimbo nilikuwa naishika mimi.

Walimu na ma-developer mliomo humu, nyie watoto mnawaanzia wapi? Andikeni, hata wa kunipinga karibuni.