Upinde wa Kaka na Mvua za Kwaresima

Jumatano ya Majivu, mwaka juzi, nilimpoteza kaka yangu. Asubuhi tulipakwa majivu pamoja kanisani. Mchana alikwenda porini kukagua mizinga yake ya nyuki, na kabla jua halijazama wanaume wa kijiji walimleta kwenye machela ya fito. Gome la mti lilikuwa limelowa. Alipanda kama alivyopanda miaka yote, mguu ukateleza. Mvua ilikuwa imeshayaosha majivu kwenye paji la uso wake.

Tulimzika kesho yake kwenye kaburi lililokuwa likijaa maji. Wachimbaji walikuwa wakiteka kwa ndoo huku padri akisoma. Mama alisimama pembeni akaangalia zile ndoo, hakuangalia kitu kingine.

Kaka hakuacha mtoto. Mke wake alitangulia. Aliacha mizinga, baiskeli isiyo na breki, na upinde. Upinde huo aliuchonga babu yetu kwa mti wa mkole, ukarithiwa na baba, kisha kaka. Ugwe wake, yaani kamba yake, ulisokotwa kwa kano za ng'ombe. Kaka alikuwa mlengaji wa sungusungu, walinzi wa jadi wa kijiji chetu, na kila Jumatatu ya Pasaka kijiji chetu hushindana kulenga shabaha na kijiji cha ng'ambo ya reli. Mimi nilikuwa nikimbebea podo la mishale. Kulenga nilijua kama anavyojua mtu aliyetazama sana.

Katika ukoo wetu upinde wa marehemu haukai bila mtu. Anayeurithi lazima aupige mbele za watu, na mshale wake ufike kwenye shabaha, kabla mvua za msimu ule hazijaisha. Asipoweza, upinde unahamia nyumba nyingine. Baba mkubwa, kaka yake baba, alilisema hilo siku ya kuanua matanga, kwa upole. Yeye anakaa Usoke na ana vijana wanaojua kulenga.

"Pasaka nitakuja nione," aliniambia. "Usipofikisha, nitaondoka nao. Usinichukie."

"Sitakuchukia, baba."

Mama alikuwa ndani, lakini alisikia. Baba mkubwa alipoondoka alitoka akaniambia neno moja tu: "Usiuache upinde uende." Hakulirudia tena. Baada ya hapo aliuliza kila siku kama nimekwenda kufanya mazoezi, hata siku ambazo mvua ilinyesha tangu alfajiri na kila mtu mwingine amejifunika blanketi.

Kwa hiyo nilikwenda. Tulikuwa tunafanya mazoezi nyuma ya ghala la kijiji, ambako kamanda wa sungusungu alikuwa ametundika gunia lililojazwa maganda ya mahindi. Duara la katikati alilichora kwa masizi yaliyochanganywa na oili chafu, kwa sababu mkaa mtupu ulikuwa unaoshwa. Kamanda ni mtu mfupi, msema ovyo, na alikuwa rafiki wa kaka. Sikumwona akilia msibani, lakini tangu siku ile alianza kunisema mimi maneno yote aliyozoea kumsema kaka.

Mshale wangu wa kwanza ulipita juu ya gunia ukaenda kupotea upande wa reli.

"Huo umekata tiketi ya Dodoma," alisema. "Tuupigie simu ukifika?"

"Ugwe umelegea, kamanda."

"Ugwe au mikono?"

Vyote viwili. Lakini ugwe ulikuwa umelegea kweli. Kano zikinywa maji hurefuka, na upinde unakuwa kama mtu aliyechoka, unavutika lakini haurudishi. Wenzangu walishahamia kamba za nailoni. Kamanda mwenyewe alinipa kipande.

Nilifika nacho nyumbani, mama akakiona mkononi.

"Hicho cha nini?"

"Cha kufungia upinde. Kano haziwezi mvua hii."

"Kaka yako aliziwezaje?"

Kaka aliziweza kwa sababu aliupaka ugwe nta ya nyuki, na upinde wenyewe aliutundika jikoni, juu kabisa kwenye pau, mbali na mafiga, moshi ukawa unaupitia polepole mwaka mzima. Mama alijua hivyo vizuri, alikuwa akiuona pale kila alipopika. Nami niliupaka nta, nikautundika palepale. Kile kipande cha nailoni nilimrudishia kamanda.

Kwa wiki kadhaa mambo yalikwenda. Nilianza kulifikia gunia. Sikulipata duara, lakini nililifikia, na kamanda akaanza kukosa la kusema. Asubuhi nilikuwa navuna majani ya tumbaku, mchana nafunga majani kwenye fito na kuyapandisha kwenye bani, jioni nakwenda kulenga. Bani ndiyo nyumba ya kukaushia tumbaku, ndefu kwenda juu, ina tanuri nje na mabomba ya moto ndani. Msimu wa mvua kwetu hakuna kitu kinachokauka isipokuwa humo. Nguo za shule, blanketi za wagonjwa, mbegu za karanga, viatu vya kwenda kanisani, vyote hupelekwa bani. Mtoto akilowa, anaambiwa asimame mlangoni pa bani. Mama alitulea hivyo.

Wiki ya mwisho ya Kwaresima mvua haikupumzika. Ijumaa Kuu tukiwa kwenye Njia ya Msalaba, ukuta mmoja wa jiko ulibomoka, na paa likalala juu ya mafiga. Tulirudi tukaukuta upinde umelala chini ya nyasi za paa, umelowa hadi ndani, na ugwe unaning'inia. Mama aliupangusa kwa kanga yake. Mimi nilikagua kila mahali, haukuwa umevunjika. Niliutundika sebuleni nikamwambia utakauka.

"Kwa hewa hii?" alisema.

Jumamosi nilikwenda stesheni ya Goweko kumpokea baba mkubwa. Treni ilichelewa, walisema maji yamekula tuta la reli huko mbele. Nilikaa kwenye benchi karibu siku nzima na watu wengine waliokuwa wanasubiri wageni wa Pasaka. Mzee mmoja alikuwa na jogoo amefungwa miguu, na kila baada ya muda alimwambia, "Vumilia, hata mimi sijala." Jioni treni ikaingia. Baba mkubwa alishuka amevaa koti la mvua, ana begi dogo, na mfuko mrefu wa turubai ameukunja kwapani. Nilijua ni wa kubebea upinde. Naye aliona kwamba nimejua.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Mama yako mzima?"

"Mzima."

"Na wewe mikono yako?"

"Inafika, baba."

"Haya. Tutaona."

Tulipofika nyumbani mama alitupokea na uso ambao sikuwa nimeuona tangu msiba. Alimsalimu shemeji yake, akamkaribisha kiti, kisha akanishika mkono akaniongoza chumbani kwake. Upinde ulikuwa kitandani. Aligusa ugwe kwa kidole, ukalia kama uzi wa zeze.

"Umekauka," alisema. "Nilijua tu. Nimeuweka bani, kule juu kwenye fito, tangu ulipoondoka."

Bani letu siku ile lilikuwa kwenye moto wa mwisho, ule wa kukausha vikonyo vya majani. Moto huo ndio mkali kuliko yote, mtu hawezi kuingia ndani akavuta pumzi mbili. Mama aliujua moto huo kuliko mimi. Kwa kila kitu alichowahi kukiweka humo, joto likizidi ndiyo ilikuwa heri.

Niliuinua upinde. Ulikuwa mwepesi. Mti wa mkole una uzito wake mkononi, nao ulikuwa haupo.

"Unaonaje?" aliuliza.

"Umekauka, mama," nikasema. Kwa kuwa ndivyo ulivyokuwa.

Jumapili baada ya misa niliutoa nje, nikaupaka samli na nta, nikausugua kwa kitambaa hadi viganja vikapata moto. Chini kidogo ya mshikio niliona mstari mwembamba ukifuata urefu wa mti. Nilipitisha ukucha, ukanasa. Ulikuwa ufa. Baba mkubwa alikuwa barazani anakunywa chai. Nilimwendea nikamuuliza kama kuuvuta nusu kunahesabika.

"Kinachohesabiwa ni mshale kufika," alisema. "Kwa nini uvute nusu?"

Mama alikuwa mlangoni anapepeta mchele wa sikukuu. Nilisema nina maumivu ya bega. Baba mkubwa alinitazama, akanywa chai yake.

Jumatatu kulikuwa na manyunyu. Watu wa ng'ambo ya reli walikuja na ngoma, na wanawake wao walianza kututania tangu mbali: wamesikia mlengaji wetu mwaka huu ni mbeba podo, je, na podo limepata mbeba podo? Watu wetu walicheka pia, utani ni utani. Kamanda aliwajibu kwamba mwaka jana mlengaji wao alipiga mbuzi wa mwenyekiti, na mbuzi yule hadi leo ana haki ya kupiga kura huko kwao. Mama alisimama mbele chini ya mwavuli, pembeni ya baba mkubwa na ule mfuko wa turubai.

Kila mtu alipewa mishale mitatu. Zamu yangu ilipofika nilivuta nusu. Mshale ulichoma tope mbele ya gunia.

"Vuta," alisema kamanda kwa sauti ya chini. Hakuwa anatania.

Wa pili niliuvuta zaidi ya nusu, polepole, nikisikiliza. Niliachia. Uligonga gunia chini kabisa, karibu na mshono, ukaning'inia. Watu wetu wakapiga vigelegele. Nilimwangalia baba mkubwa, akatikisa kichwa kukubali. Ningeweza kuweka upinde chini hapo.

Mama alikuwa anatabasamu. Akapaza sauti, "Vuta kama kaka yako." Mbele ya vijiji viwili. Nikaweka mshale wa tatu nikavuta hadi shavuni.

Upinde haukutoa kishindo kikubwa. Ulilia kama bua kavu la mtama, na kipande cha juu kikanirudi kwenye nyusi. Nilipofumbua macho damu ilikuwa inaingia kwenye jicho, na mkononi nilikuwa na nusu. Nusu nyingine ilining'inia kwenye ugwe, ambao haukukatika.

Ngoma ilinyamaza. Baba mkubwa alikuja akakishika kipande kilichoning'inia, akakitazama pale kilipovunjika, akakinusa. Kilikuwa kinanuka tumbaku.

"Huu ulikuwa umewekwa wapi?"

Nilipangusa damu jichoni.

"Niliuweka bani mimi," alisema mama. "Ulikuwa umelowa."

Baba mkubwa alikigeuza kipande mkononi, manyunyu yakimwangukia kofiani.

"Shemeji," alisema, "bani ni la tumbaku."

"Ndiyo, shemeji."

Kisha akageukia watu akasema mshale wa pili umefika, wote wameuona, upinde unabaki kwenye nyumba hii. Alinipa vipande viwili kwa mikono miwili, kama unavyotolewa upinde mzima. Ule mfuko wa turubai aliukunja akautia mfukoni mwa koti. Mashindano yaliendelea, tukashindwa.

Baba mkubwa alipanda treni siku iliyofuata. Vipande nilivifunga pamoja kwa ugwe uleule nikavitundika sebuleni. Mama hakuniuliza kama nilikuwa nimejua, nami sikumwambia.

Wiki ile tulijaza bani tena, majani hayasubiri. Nilikuwa nachochea tanuri mama alipokuja kutoka kisimani, amelowa chapachapa, ameshika blanketi lililofuliwa. Alifika mlangoni pa bani, akasimama na blanketi mikononi, linachuruzika maji miguuni pake. Aliuangalia mlango. Halafu akageuka, akalipeleka ndani ya nyumba akalitandaza juu ya kiti, na usiku akajifunika likiwa bado bichi.