Mistari ya Njano ya Ambrose

Dulcie Pardy, mkutubi mstaafu wa Twillingate, alikuwa akiandika katika blogu yake majina yaliyochongwa makaburini mwa vijiji vilivyohamwa, ili wasio na wa kuwazuru wapate angalau wa kuwasoma. Maneno yalikuwa yake. Sura ya blogu, rangi yake ya jiwe lililoloa na ukingo wake mwembamba, ilikuwa kazi ya mumewe Ambrose, ambaye Mola alimchukua mwaka uliotangulia.

Mwezi Machi kampuni iliyoihifadhi blogu ikaarifu kwamba toleo la zamani la programu litazimwa Ijumaa. Blogu isiyosasishwa haitafunguka tena.

Jumatano mchana akaja Verna, dada wa marehemu, mwenye kutunza tovuti ya kanisa. Alivua viatu vyenye theluji, akakagua faili, akaguna.

"Kaka yangu huyu. Badala ya kutengeneza mandhari tanzu, faili za pembeni za kubeba mabadiliko yake, kaichokonoa mandhari yenyewe, hii inayoipa blogu sura. Ukisasisha, wifi, mpya inakaa juu ya hii, na jasho lake lote linafutika."

"Basi nisibonyeze?"

"Hata usikisogelee hicho kitufe. Nakujua wewe na vitufe."

"Mimi niliunguza birika, sikuunguza kompyuta."

Wakanakili kwanza kila kitu, faili na hifadhidata, wakaifungua nakala hiyo pembeni kwa majaribio. Kisha Verna akaunda tanzu tupu, akapakua mandhari ile ile ikiwa haijaguswa, akaiweka sambamba na ya Ambrose. Kila zilipotofautiana, mstari ukawaka njano.

"Mistari ya njano tu ndiyo uihamishie kwenye tanzu. Mimi naweka chai."

Dulcie akaanza. Katikati ya amri Ambrose alikuwa ameacha maelezo ya kujikumbusha, ambayo kompyuta huyaruka na msomaji hayaoni. *Herufi ziongezwe, macho ya Dulcie. Kalalamikia kijivu, kikolezwe.* Alihisi pumzi begani. Mara mbili aligeuka, na mara mbili palikuwa na kiti kitupu.

Katika faili la mwisho palikuwa na jina lililofungwa kama maelezo, lisionekane: Ambrose Pardy, mwaka wa kuzaliwa, kistari, kisha nafasi tupu. Chini yake: *Bado. Asione sasa.* Tarehe ya maelezo hayo ilikuwa ya miezi mitano kabla ya siku aliyomwambia Dulcie kwamba anaumwa.

Verna akarudi na vikombe. "Imebaki ya njano?"

"Mmoja. Verna, wewe alikwambia lini?"

Kijiko kikazunguka kikombeni muda mrefu kuliko sukari ilivyohitaji.

"Alinikataza, wifi."

"Sikukuuliza kama alikukataza."

"Tangu kiangazi."

Dulcie akaigeukia kompyuta. Angeweza kuuacha mstari ule ufutike pamoja na toleo la zamani, na pasingekuwa na mtu wa kuuulizia. Akauhamisha, akauacha umefichwa kama alivyouficha mwenyewe. Walijaribu kwenye nakala, ikafaulu. Ndipo akakibonyeza kitufe kwa kidole chake mwenyewe. Ukurasa ukafunguka bila kupungukiwa kitu, kila jina mahali pake, na chini ya yote moja lisiloonekana, ambalo hata Verna hakujua kuwa lipo.