Mwongoza Watalii wa Mifereji ya Madeira

Wasomaji, mimi si mtu wa kubahatisha. Nina diploma ya utalii, na niliishi kisiwani Madeira miaka miwili kwa juhudi zangu mwenyewe. Niliporudi Johannesburg, kampuni moja ya utalii ya Midrand, jirani na jiji hilo, ilikuwa ikitafuta mwongoza watalii wa kutembea nao kando ya mifereji myembamba ya kisiwa hicho, katika misitu ya milimani. Nikajitaja kuwa bingwa. Kwamba huko nilikuwa naosha vyombo hotelini, sikuona haja ya kulisema.

"Wateja wakikukubali leo, kazi ni yako," bosi akaniambia.

Wateja wenyewe, Wakenya wanane waliopanga safari hiyo, walikaa mbele yangu. Mmoja akauliza upana wa njia, mwingine kina cha korongo. Nilijibu yale niliyoyasikia kwa wageni wa hoteli.

"Na tukipotea kwenye ukungu?"

"Msiogope, mna msomi. Fuateni tu maji yanakoelekea, yatawafikisha kileleni."

Mama mmoja, mkulima wa mpunga kutoka Mwea aliyekuja kumtembelea bintiye, akaweka kikombe chini.

"Mwanangu," akaniuliza kwa upole, "hayo maji hupandishwa mlimani na nani?"

Bosi akafunga faili langu.