Vichwa vya Ukurasa wa Bandarini

Siku ile ofisini tulikuwa wanne: mimi ninayefagia pale, mdogo wangu wa kike, mwenye ofisi, na mzee wa simu, ambaye haoni. Ofisi hiyo hutoa mizigo bandarini. Wateja hupiga simu kuuliza boti ya Kigoma itapakia lini, na mzee huwajibu. Sasa majibu yote yalikuwa yamehamia kwenye ukurasa wa tovuti alioutengeneza mdogo wangu, na mwenye ofisi alikwishasema wazi: mzee akishindwa kuutumia, kiti chake atapewa mwingine.

Simu ya mzee humsomea kwa sauti. Akigusa kioo, huruka kutoka kichwa kimoja cha maandishi hadi kingine mpaka afike anapotaka. Aligusa, akasikiliza, akagusa tena, akamwambia mdogo wangu:

"Mama, hapa hamuna kichwa hata kimoja. Inasoma tu, kama mutu anakimbiza sala."

Mwenye ofisi alicheka, akasema vichwa yeye anaviona, vinene na vyeusi, tena ukurasa unapendeza. Niliogopa kumtazama mzee.

Mdogo wangu hakubisha. Maneno yale alikuwa ameyanenepesha kwa ajili ya macho tu. Hakuyatia alama inayoiambia mashine kwamba hiki ni kichwa. Akasogeza kiti karibu na mzee. Jina la ofisi akalitia alama ya kichwa cha ngazi ya kwanza. Mizigo ya Kigoma na mizigo ya Kongo, ngazi ya pili. Chini yake, siku za boti na karatasi zinazotakiwa, ngazi ya tatu. Wazazi walipofariki niliacha shule ili yeye aendelee, lakini hilo nililielewa: ndivyo ghala linavyopangwa, kwanza nchi, kisha mwenye mzigo, kisha magunia.

Halafu mdogo wangu akafumba macho, akausikiliza ukurasa wake kwa simu ya mzee. Niliacha ufagio, nikamtazama tu.

Simu ya mezani ikalia. Mwanamke wa Kalemie aliuliza karatasi za unga. Mzee aligusa kioo mara chache, akamjibu. Mwenye ofisi akasema mzee abaki, akatoka kwenda gatini.

Mzee akamwuliza mdogo wangu kama ziko kurasa nyingine alizotengeneza vile, bila alama.

"Ziko, baba. Ya duka la vitambaa kule Jabe, na ya duka la dawa."

"Basi uko na deni ya wenye kuzisikiliza."

Ule wa Jabe ameurekebisha. Mwenye duka la dawa anasema wake hauna ubaya wowote, na bado hajamruhusu kuugusa. Mdogo wangu anaendelea kumwomba.