Delphine Anakunja Mashuka Peke Yake

Saa moja kasoro robo asubuhi, Delphine M'Bisimwa anabana ncha mbili za shuka kwenye kamba kwa vibanio vya mbao, anashika ncha nyingine mbili, anarudi nyuma hatua nne. Analivuta mpaka linyooke. Kisha analiendea taratibu huku akilikunja, na upepo wa Ziwa Kivu unajaribu kumnyang'anya.

Kukunja shuka la kitanda kikubwa ni kazi ya watu wawili. Delphine, mwenye umri wa miaka arobaini na mmoja, anaifanya peke yake tangu mwaka jana. Kabla ya saa nne atakuwa amekunja thelathini.

“Shuka inataka bantu bawili,” anasema bila kusimama. “Moya anashika huku, moya anashika kule. Munakutana katikati, munaonana uso. Sasa mie nakutana na kamba.”

Hoteli anayofanyia kazi ina vyumba ishirini na sita na inatazama maji, mtaa wa Muhumba mjini Bukavu. Chumba cha kufulia kiko nyuma, ngazi kumi na saba chini ya jiko. Humo mna mabeseni matatu ya saruji, meza ndefu, pasi mbili za umeme, na moja ya makaa kwa siku ambazo umeme umekwenda zake, nazo ni nyingi.

Mabeseni ni matatu kwa sababu wanawake walikuwa watatu: Delphine, Tatiana aliye mdogo wao, na Gisèle Nankafu, ambaye Delphine humwita yaya, dada mkubwa, ingawa hawakuzaliwa nyumba moja.

Gisèle ndiye aliyempokea Delphine miaka tisa iliyopita, alipofika kutoka Nyantende akiwa hajui hata kola ya shati inaanziwa wapi. Alimfundisha kupima joto la pasi kwa kuisogeza karibu na shavu bila kuigusa. Alimfundisha kutoa doa la divai kwa chumvi. Alimfundisha pia kucheka kazini.

“Yaya alikuwaka anasoma shuka,” Delphine anakumbuka, na kwa mara ya kwanza asubuhi hii anatabasamu. “Anaifungua, anaangalia, anasema: huyu mugeni hakulala, alikuwa anangojea simu ya bibi yake. Huyu alikula mukate mu kitanda, juu ya kuogopa kula mbele ya bantu. Tunacheka mpaka tumbo inauma.”

Miaka sita iliyopita mumewe Delphine, Jean-Claude, alifariki kwa ugonjwa wa ini na kumwachia watoto watatu. Gisèle alilala kwake wiki mbili nzima. Mchana aliteremka hotelini na kufua mabeseni mawili, lake na la Delphine, ili mfiwa asikatwe mshahara wa siku hata moja.

Habari ya kupandishwa kwa kima cha chini cha mshahara iliwakuta wakipiga pasi. Redio ilikuwa dirishani. Wakati huo kila mmoja wao alipokea dola sabini kwa mwezi. Gisèle, aliyesoma hadi mwaka wa nne wa sekondari, akachovya kidole kwenye maji na kupiga hesabu juu ya meza: kwa kazi yao ingefika mia moja na ishirini na kitu.

Tatiana akajifunga foronya kichwani na kucheza. Delphine yeye alikuwa ameshafika mbali kwa mawazo: ada ya Elodie, binti yake mkubwa, viatu vya wadogo zake, godoro jipya.

Siku tisa baadaye mwenye hoteli, anayeitwa na wote Papa Théodore, akawaita ofisini. Mezani kulikuwa na karatasi tatu za Kifaransa. Aliwaomba kila mmoja aweke sahihi chini. Tatiana akashika kalamu. Gisèle akaanza kusoma.

“Papa Théodore,” alisema alipomaliza, “hii karatasi inasema mie napokea mushahara mupya.”

“Ndiyo, Maman.”

“Na mu bahasha mutakuwa ngapi?”

Papa Théodore hakumficha. Bahasha ingebaki na dola sabini. Karatasi ilikuwa ya kuwaonyesha wakaguzi wa kazi.

“Bageni habako,” aliwaambia. “Mazout ya jenereta inapanda, taxe ya serikali inapanda. Mukisaini, munabakia wote batatu. Mukikataa, nitalipa sawa vile sheria inasema, lakini nitalipa bawili tu. Munipe jibu siku ya kwanza.”

Ilikuwa Ijumaa; siku ya kwanza ni Jumatatu. Waliteremka ngazi zote kumi na saba. Delphine anakiri leo kwamba yeye alitaka kuweka sahihi, na kwamba alilisema hilo mara tu walipofika chini.

“Nilisema: tusaini, yaya. Sabini ya batatu iko muzuri kuliko kuachana. Akaniangalia, akaniuliza: ‘Na mwaka ingine bakipandisha tena, tutasaini tena? Mpaka tuzeeke tunasaini uongo?’”

Jumatatu walirudi ofisini bila kuelewana. Gisèle akasema yeye hasaini uongo. Papa Théodore aliuliza ni nani atakayeondoka. Delphine akaangalia sakafu. Ilikuwa na vigae vyeupe na vyeusi, na mpaka leo anaweza kukueleza ni kigae gani kilikuwa na ufa. Alikuwa na watoto watatu na hana mume. Alikuwa akingojea mwingine aseme.

“Mie njo nitaenda,” Gisèle akasema. “Tatiana eko na mimba. Delphine eko na batoto. Lakini hawa bawili, Papa, ubalipe yote. Na karatasi iseme kweli.”

Alidai karatasi zichapwe upya palepale. Akazisoma mstari kwa mstari kabla wenzake hawajaweka sahihi. Kisha akateremka, akachukua kitenge chake na kikombe chake cha chai, akamkumbatia Tatiana. Kwa Delphine alisema neno moja tu: “Pasi ya makaa, uangalie mukono yake, inalegea.”

“Angenitukana, ingekuwa muzuri,” Delphine anasema. “Alinionea huruma. Ile njo inaniuma.”

Papa Théodore alitimiza neno lake. Tangu mwezi ule bahasha ya Delphine ina dola mia moja na ishirini na mbili, na yeye hapindishi maneno: nyongeza ile imebadili nyumba yake. Elodie, mwenye miaka kumi na sita, harudishwi tena nyumbani katikati ya somo kwa sababu ya ada. Wadogo zake hawalali tena kwenye mkeka. Jumapili, mahali pa sambaza, dagaa wa ziwani, wakati mwingine huchemka nyama ya ng'ombe.

Lakini redio ile haikusikika hotelini peke yake. Mwezi wa pili tu, mwenye nyumba wake huko Kadutu alibisha hodi. Kodi ilikuwa dola ishirini, akataka thelathini.

“Nikamuuliza juu ya nini. Akasema: ‘Maman Elodie, redio na mie naisikiaka.’”

Na kazi ya watatu imebaki kwa wawili. Tatiana alijifungua salama, akarudi, na sasa wanapokezana: mmoja asubuhi, mwingine mchana. Huonana dakika kumi kwenye ngazi, mmoja akipanda, mwingine akishuka. Jioni Delphine hawezi kuinua mkono wa kulia kufikia kichwa. Elodie ndiye humsuka nywele. Beseni la tatu limejaa chupa tupu za sabuni.

Maman Gentil, anayeuza chakula mbele ya lango la hoteli, ameyaona mabadiliko hayo kwenye sufuria yake. Zamani kila mchana aliuza sahani kumi na nne za maharage kwa wafanyakazi. Sasa anauza nane. “Lakini mu hizo munane, tano banaomba nyama,” anasema. “Benye kubakia banakula muzuri. Benye kwenda, sijue banakula wapi.”

Papa Théodore naye, akiulizwa, haongei kama mtu aliyeshinda. “Bantu banazani nilifurahi,” anasema. “Vyumba vikijaa, Gisèle ninamuita kesho. Ata mie niliondosha mayai ku chakula ya asubuhi ya bageni. Mugeni analalamika, ninafanya sawa vile sisikie.”

Gisèle alizunguka mjini miezi miwili akitafuta kazi. Kila hoteli aliyobisha ilikuwa inapunguza watu, si kuongeza. Mwishowe akapanda lori la Kamituga, kwenye machimbo ya dhahabu ya Mwenga. Huko anaponda mawe kwa mchi wa chuma, kutwa nzima, pamoja na wanawake wengine kumi na wawili.

“Huku mushahara haina serikali,” alimwambia Delphine kwa simu siku za kwanza. “Unatwanga, unakula. Hautwange, unalala njaa.”

Delphine husikiliza maneno kama hayo akiwa amekaa juu ya godoro jipya. Mikono anayoijua, iliyokuwa ikipita juu ya pamba iliyolainika kwa miaka, sasa inashika mchi. Mwezi mmoja hakuvumilia. Akamtumia dola ishirini kwa simu. Kesho yake pesa zilirudi zote, na ujumbe: “Ununulie Elodie kalamu. Haukunikopa kitu.”

“Nililia sana,” anasema. “Angezikula, ningelala.”

Wakati mwingine, anapokuwa peke yake kwenye chumba cha kufulia, Delphine hufungua shuka la mgeni na kulitazama kwa makini, akijaribu kulisoma. Hulipindua, hulileta kwenye mwanga wa dirisha.

“Sione kitu,” anasema. “Ni shuka tu.”

Hata hivyo hakai akilia. Tangu mwezi wa kwanza wa mshahara mpya ameingia kwenye likelemba, kikundi cha wanawake kumi na mmoja wanaochanga kila mwezi na kupeana kwa zamu. Maman Gentil ndiye anayekiongoza. Zamu ya Delphine inaangukia mwezi wa saba.

Ameshaona chumba Nyawera, nyuma ya safu ya mafundi cherehani, mahali ambapo wateja hupita kutwa. Ni kidogo, lakini kina mfereji wa maji mlangoni. Meza mbili zinaenea. Anataka wafue na kupiga pasi nguo za harusi, suti, na kanzu za kwaya za parokia, yeye na Gisèle. Mwenye chumba anataka kodi ya miezi mitatu kwanza, naye Delphine amemwomba asubiri.

Elodie, anayesoma biashara shuleni, alimpa mtihani wa kwanza mezani wakila. “Maman, kazi ikikuwa mingi, mukatafuta mufanyakazi, mutamulipa ngapi?”

Delphine alilala na swali hilo siku kadhaa. Alimwona Papa Théodore na sura yake ya siku ile, akihesabu vyumba vitupu, na kwa mara ya kwanza akamwelewa kidogo. Halafu akamwona Gisèle na karatasi mkononi.

“Tutamulipa sheria,” anasema sasa. “Kama hatuweze, tutabakia bawili. Tena bawili iko inatosha.”

Wiki tatu zilizopita alipanda ofisini na kuomba likizo, ya kwanza katika miaka tisa. Papa Théodore alimtazama, akauliza anakwenda wapi. Alipotaja Kamituga, mzee yule akachukua kalamu, akaweka sahihi: siku kumi na tano, kuanzia tarehe kumi na nne ya mwezi wa saba. “Umusalimie,” alisema.

Gisèle mwenyewe alikuwa hajakubali. Kila Delphine alipomtajia chumba cha Nyawera, aliuliza habari za watoto, au alisema mtandao ni mbaya. Mtu aliyeondoka kwa hiari yake, Delphine anasema, kumrudisha si rahisi, atadhani unamlipa fadhila.

Jumapili iliyopita, baada ya misa, Delphine na Elodie waliteremka mpaka ukingoni mwa maji, mahali ambapo hakuna kelele za pikipiki. Delphine akapiga simu. Safari hii hakutaja chumba, wala likelemba, wala tarehe. Gisèle ndiye aliyeuliza.

“Ziwa iko aje?”

Delphine akachutama, akanyoosha mkono, akaishika simu juu ya mawe pale mawimbi madogo yanapopigia, akaiacha hapo mpaka vidole vikalowa. Alipoirudisha sikioni alisikia michi tu, mbali, tii, tii, tii. Kamituga hawapumziki hata Jumapili.

“Yaya?”

“Niko.”

Delphine anasema alihesabu moyoni ili asije akasema la kuharibu.

“Ukikuya,” Gisèle akasema mwishowe, “ulete vitenge bibili ya kufunga ku uso. Ile wakati ya jua, tukirudia Bukavu, vumbi mu barabara iko mingi.”

Simu ikakatika. Delphine alibaki amechutama, maji yakimlowesha pindo la nguo ya misa. Kisha akamgeukia binti yake.

“Elodie, umesikia? Amesema ‘tukirudia’.”